Nilimfundisha Kusema Hana Mtu

Nina miaka thelathini na minne, sikujaliwa kuzaa. Nilikuwa na Zuhura tu, binti wa marehemu dada yangu... na huyo nilimpoteza kwa ulimi wangu mwenyewe. Someni, ndugu zangu, kisha mnilaumu mtakavyo.

Mwaka wa vita hapa Kindu, askari walibeba mpunga wetu wote. Tulikula majani ya muhogo bila chumvi. Mume wangu Ramazani akasema tumpeleke Zuhura kwenye nyumba ya yatima kando ya mto, maana huko watoto walikuwa wanakula. Lakini walipokea wasio na ndugu tu! Basi njiani kote nikamfundisha yule mtoto wa miaka sita: ukiulizwa, sema huna mtu. Ramazani akaapa mlangoni kwamba tulimwokota. Mimi akaniapia kiapo kingine... tukivuna tu, tunamrudisha.

Tukavuna mara mbili. Kila nikimkumbusha, ananiambia ngoja.

Kisha wenye nyumba ya yatima wakaamua watoto warudi kwa jamaa zao, na wasio na jamaa wapewe familia za kuwalea. Nilipiga vigelegele! Nikamburuta Ramazani tukaenda.

Msimamizi akamwuliza Zuhura mimi ni nani. Mtoto akasimama wima.

“Miye sina muntu. Wote walikufa.”

Akaniangalia akitabasamu... alikuwa anangoja nimsifu! Jamani!

Alipotolewa nje nikakiri uongo wangu wote, nikamgeukia Ramazani aseme kweli. Mwanamume niliyempikia miaka kumi na miwili! Kwa kuogopa adhabu ya kiapo chake cha uongo, akatazama chini.

“Bwana, huyu mutoto si wetu. Tulimuokota njiani, vile niliapa.”

Msimamizi akaniona mwongo. Zuhura akapewa wavuvi wa Lokandu. Ramazani nilimwacha siku ileile, lakini kumwacha kulinisaidia nini?

Juzi nimefika Lokandu na kapu la mchele. Mama mlezi alinikaribisha vizuri, siwezi kumsema vibaya. Zuhura amerefuka. Nikamwambia, mimi ndiye mama yako mdogo.

“Kama uko mama yangu mudogo, juu ya nini ulinifundisha sina muntu?”

Ndugu zangu, njaa ikiingia, gawaneni hata jani moja. Mkishindwa kabisa, mpelekeni mtoto kwa jina la ukoo wake, msimfundishe kuwakana... Nililia, nikaacha mchele, nikarudi Kindu.