Nusu Iliyosagwa

Mama Nyundo aliramba jiwe, akakunja uso. Wajiolojia huramba mawe, maana jiwe likilowa chembe zake hujitokeza, na mumewe humtania kwamba siku moja atameza mlima. Lakini jiwe hili, lililotoka chini kabisa ya jangwa, lilikuwa na ladha ya maziwa. Si ya ng'ombe. Ya mama. Aliijua, kwani binti yake aliyemwacha nyumbani alelewe na bibi alikuwa ndiyo kwanza ameacha kunyonya.

"Hebu onja," alimwambia Kelele, fundi wa mtambo wa kuchoronga, yaani kutoboa miamba.

"Mimi? Dada, nina mke anayepika."

Alitania, lakini hakucheka. Akasogea karibu. "Maji ya mtambo yamerudi meupe. Na chuma kilipita laini mno, kama kwenye nyama. Kitu kililia kule chini, dada. Tuhame shimo hili."

"Tuhame, na dalili za dhahabu ndiyo kwanza tumeziona? Huo ni upepo. Choronga."

Mche wa jiwe, kipande kirefu cha mviringo kilichotolewa na mtambo, ukapelekwa kwenye banda la sampuli. Mama Nyundo akaupasua kwa msumeno, juu hadi chini, kama ilivyo kawaida ya kazi: nusu ikabaki sandukuni, nusu ikaenda maabara kusagwa iwe unga. Msumeno ulipolia, kifua chake kikalowa maziwa, ingawa yalikuwa yamekauka.

Tangu hapo banda likanuka maziwa yaliyochacha. Mchana mmoja, wenzake wakiwa wamejilaza kivulini, alisikia kitu kikitambaa kati ya masanduku, polepole, kikipapasa sanduku moja baada ya jingine kama kipofu anayetafuta kitanda cha mwanawe, hadi kikafika nyuma yake, na pumzi ya moto ikamgusa shingoni.

"Mwanangu alikuwa amelala," sauti ya kike ilinong'ona. "Nirudishie."

Mama Nyundo alilitoa sandukuni jiwe lililobaki, akalibeba kifuani, akakimbia juani huku Kelele akimfuata bila kuuliza kitu, na walipofika shimoni alipiga magoti akalitelemsha kipande kwa kipande, taratibu, kama anayelaza mtoto, akisikia kila kipande kikipokelewa na mikono asiyoiona.

Kisha sauti ikapanda kutoka chini.

"Na nusu nyingine?"

Mama Nyundo alimtazama Kelele. Kelele akainamisha kichwa.

"Imesagwa," Mama Nyundo alisema kwa sauti ya chini. "Nisamehe. Sikujua."

"Uliambiwa." Kitu kilicheka kule chini, bila furaha. "Na wako je? Mzima?"

Simu ya Mama Nyundo ikalia mfukoni. Ilikuwa ni mama yake mzazi.

"Usishtuke, mwanangu," mama alisema. "Mtoto ameamka vizuri tu, yuko hapa ananichekea. Ila mbona anacheka upande mmoja? Na huu mkono na mguu wa upande wa pili, naisugua na kuisugua, haipati joto. Migumu kama jiwe."

Nyuma ya sauti ya bibi, mtoto alianza kulia.

Ndipo kule shimoni ile sauti ya kike ikaanza kuimba wimbo wa kubembeleza, taratibu, kwa upendo mwingi. Na kwenye simu, binti yake akanyamaza kusikiliza.