Fremu ya Hilaria

Picha ya harusi ilianza kutoa maji siku ya Jumanne, saa nane mchana, na ukuta ilikotundikwa ulikuwa mkavu kama kisigino cha mkulima.

Beata aliifuta kwa kanga akaendelea na kazi zake. Alikuwa mke wa miezi minne katika nyumba ya Pankras pale Mbinga, mimba changa tumboni, na mke mgeni haanzi kwa kulalamikia kuta.

Tena ukuta wenyewe ndio uliokuwa fahari ya mumewe. Miaka ile kahawa ilipoachiwa wanunuzi binafsi, Pankras alinunua, akauza, akanenepa. Akaiweka televisheni juu ya chuma kilichochimbiwa katikati ya ukuta wa sebule, akaizungushia picha kama watakatifu wanavyozunguka altare: Moyo Mtakatifu juu, wazazi wake kushoto, yeye mwenyewe na mizani ya kahawa kulia, harusi chini. Alizipanga siku nzima kwa kamba na penseli, akipanda stuli na kushuka. Mahindi yake hakuwahi kuyanyooshea mstari hivyo.

Alhamisi sebule ikanuka usipa. Ziwa liko mbali, huko chini, na wiki nzima hakuna aliyenunua samaki.

Jumapili Beata aliishusha picha. Ndani ya kioo maji yalikuwa yamefika pindo la gauni lake. Na yule bibi harusi nyusi zake zilikuwa zimeungana juu ya pua. Za Beata haziungani.

"Pankras, fremu hii uliitoa wapi?"

"Fremu nzuri hiyo, mninga mtupu. Ilikuwa ya Hilaria."

"Na picha yake?"

"Si imo humo humo, nyuma ya yetu. Inakaza karatasi isilegee."

Hilaria alikuwa mke wa kwanza, mtu wa Liuli. Boti lililokuwa likimrudisha yeye na Pankras kutoka Malawi lilipigwa na mawimbi karibu na Mbaha, akazama, mwili usionekane. Kwao wakafunga shina la mgomba kwa kanga zake wakalizika. Picha hiyo ndiyo iliyobebwa mbele ya mgomba kwenda kaburini. Uso mwingine wa Hilaria haukubaki duniani.

Kuanzia hapo mchana haukuwa mchana tena, maana kila Pankras alipowasha jenereta na kuketi kutazama mkanda wake wa video, Beata alisikia chini ya makelele ya mkanda mlio mwingine, kama kiganja kinachopiga ubao wa boti, taratibu, kikiomba, na harufu ya usipa ikipanda, na maji ndani ya kioo yakipanda nayo, kiunoni, kifuani, shingoni mwa bibi harusi, hata siku yalipofika kidevuni Beata akiwa jikoni alikohoa akatema maji baridi yenye mchanga, naye hakuwa amenywa kitu tangu asubuhi.

Akatuma mtu Liuli, kwa mama yake Hilaria.

Mama huyo, Ida, alifika kwa basi dogo la Mbamba Bay, na watu wa ziwani walijua ni wa kuitwa mambo yakishashinda mapadri. Beata alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Usisimame." Shikamoo ya Pankras aliiacha ikaelea. Aliketi, akautazama ukuta. "Siku ile ulikuwa na mikono mingapi?"

"Mama, hayo mambo ya Mungu…"

"Mungu nimeshamuuliza. Sasa nakuuliza wewe."

Beata alikohoa, maji yakamtiririka kidevuni. Pankras akaitazama sakafu.

"Miwili. Mmoja nilishikilia boti."

"Na wa pili?"

"Sanduku lingeanguka, mama. Lilikuwa halijafunguliwa bado."

Beata akaiinulia macho televisheni, kisha akayashusha kwa mumewe, na hakuyaondoa.

"Mama, mtoe mwanao humu," akanong'ona. "Nina mtoto tumboni."

"Siwezi. Mimi ndiye niliyempandisha. Nilikwenda ziwani na unga wa ulezi nikamwambia asilale. Jina nililompa alifuate ni la huyu mumeo, si lako. Lakini huyu kaulaza uso wako juu ya uso wa mwanangu. Akiinuka kutafuta pumzi, anakukuta wewe."

Akaifungua fremu kwa kisu. Akaikata picha ya harusi katikati kwa mkasi, nusu ya Beata akampa mwenyewe. Nusu ya Pankras akailaza juu ya uso wa Hilaria.

Pankras akapiga magoti. "Mama mkwe, nitaponaje?"

"Shusha hilo dude, tukalitupe pale alipozama. Basi la saa tisa halijaondoka."

Pankras akaitazama televisheni, akaipangusa vumbi kwa kiganja.

"Keshokutwa, mama. Kesho nimealika watu kuja kuangalia mkanda."

Ida akainuka. Aliirudisha fremu kwenye msumari, akainyoosha vizuri, akamshika Beata mkono. Walipofika kwenye mibuni nyuma ya nyumba kifua cha Beata kikafunguka, akavuta hewa kama mtu aliyeibuka. Akaenda moja kwa moja kwa baba yake. Kabla mvua hazijakolea alijifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye kelele. Ida alikwenda kumwona, akampelekea usipa. Beata alishukuru, hakula.

Kesho yake ile, kwa Pankras, waalikwa walikuta mlango wazi na jenereta inanguruma. Pankras alikuwa kitini, nguo kavu, macho kwenye televisheni, mdomo umejaa maji mpaka kingo za midomo. Walipomgeuza yakatoka ya ndoo nzima, na mchanga. Katika fremu, pale palipokuwa na uso wake, karatasi ilikuwa nyeupe.

Walizika siku iliyofuata, jioni wakagombania televisheni. Akashinda mdogo wake, Placidi, kwa sauti. Alipoinyanyua kutoka kwenye chuma, maji yakamwagika kutoka ndani yake yakamlowesha viatu. Akavikung'uta, akaikumbatia vizuri zaidi, akamwita mkewe aje na chuma na misumari, wakaiweke kwao vilevile.