Mgongo wa Majeshi Mawili

Haya yalimkuta rafiki yangu Terence, wa klabu yetu ya mjini Derby, Uingereza, tunakopigana upya vita vya kale kwa dadu na askari wa bati. Kwetu, kikosi kikivunjika moyo na kukimbia, tunakigeuza kimpe adui mgongo.

Mwenzetu Alwyn alipofariki, Terence alikwenda nyumbani kwa marehemu kuchukua majeshi yake ya bati.

"Shuka ukabebe hiyo midoli," mjane, Glenys, alimwambia. "Imeninyang'anya mume miaka yote."

"Midoli tena, shemeji? Wale ni Wanormani!"

"Hata wawe malaika, watoke kwangu."

Katika chumba cha chini, vita vya Hastings vilikuwa bado mezani, Wasaksoni na Wanormani wakitazamana uso kwa uso. Terence alipofungua sanduku la kuwabebea, taa ikazimika. Gizani dadu ilibingirika, ikatulia. Kisha akasikia mkwaruzo mwembamba, kama kucha nyingi zinazoburutwa juu ya ubao.

Taa iliporudi, majeshi yote mawili yalikuwa yamegeukia upande mmoja. Wote walikuwa wamempa yeye mgongo.

Alipanda ngazi mikono mitupu.

Jana nilimtembelea. Amekonda, usingizi hapati.

"Nawageuza kila asubuhi," aliniambia kwa sauti ya mtu aliyekwisha kata tamaa, akafungua kabati la jeshi lake mwenyewe.

Askari wote walikuwa wamerundikana nyuma kabisa ya kabati, wametupa kisogo, na mikuki ya waliotangulia ilikuwa imepinda kwa kusukumwa kwenye ubao wa nyuma.