Gurudumu Lililojua Mahali pa Kuvunjika

Mchwa walianza na mlango wa kushoto. Walimiminika kutoka kwenye chupa yao kama unga wa kijivu, wakapanda juu ya bati, wakatulia kidogo kana kwamba wananusa, kisha wakaanza kula. Hawakuwa mchwa wa udongoni. Kila mmoja alikuwa mashine ndogo kuliko punje ya ulezi, yenye meno ya almasi na akili ya kujua jambo moja tu: hapa nguvu ya mzigo inapita, au haipiti. Inapopita nguvu waliacha chuma. Isipopita walikula. Walipomaliza, mlango ule ulibaki kama jani lililopitiwa na viwavi, mishipa mitupu, na bado ulifungwa na kufunguka kama mlango.

"Shangazi, waangalie hao," Kiango alisema, amekaa juu ya tairi kuukuu anatafuna muhindi wa kuchoma. "Wasije wakahamia kwangu."

"Wakihamia kwako ndio tutashinda," Mwajabu alijibu bila kugeuka. "Hakuna kitu kizito kisicho na kazi kwenye gari hili kama hilo tumbo."

Kiango alicheka mpaka akapaliwa. Alikuwa dereva, mtoto wa marehemu kaka yake Mwajabu, na gari lililokuwa likiliwa lilikuwa lake: gari dogo la michezo la watu wawili, la zamani, ambalo shangazi yake mhandisi alilifumua lote na kulitia mota mpya nne, moja kwa kila gurudumu. Kiti cha pili kilishang'olewa. Vioo, kapeti, redio, hata rangi, vyote vilishakwenda. Jumapili gari hilo lilitakiwa kupanda kutoka Mombo hadi Lushoto, kona juu ya kona, kwenye Mbio za Kupanda, na milimani pale hakuna mtu asiyejua kwamba mshindi wa Mbio za Kupanda hutajwa jina lake na la baba yake kwenye kila kipaza sauti hadi mvua za mwaka unaofuata.

Hilo la baba ndilo lililokuwa likimuuma Kiango. Baba yake, Hoza Shekigenda, alikuwa dereva wa kirikuu cha umeme, kigari kidogo cha mizigo, akishusha mboga sokoni Mombo. Siku moja, chini ya maporomoko ya Soni, kirikuu kiliacha barabara. Hoza alikufa, na watu wanne waliopanda juu ya magunia wakafa naye. Wakaguzi walikuja, wakapima, wakaandika: dereva aliteremka nyutro, bila gia, ili kuokoa chaji. Wakaondoka. Tangu siku hiyo, shuleni, sokoni, hata leo kwenye mbio, Kiango alikuwa na jina moja tu. Nyutro.

Mwajabu hakuwahi kuukubali ule ukaguzi, na hakuwahi kuusahau. Gari la umeme likiteremka na gia, mota yake hugeuka kuwa breki na betri hujichaji yenyewe. Kulitia nyutro ni kutupa chaji ya bure, na kaka yake alikuwa mtu wa kuokota hata msumari barabarani. Alilisema hilo pale pale, kwa sauti. Nani amsikilize? Babu zao, enzi za magari ya mafuta, kweli waliteremka nyutro mlima ule, kila mzee alikumbuka, na kila mzee alitikisa kichwa akasema, ndivyo walivyo madereva wetu. Waliambiwa uongo unaofanana na kumbukumbu yao, wakaumeza bila maji.

Mchana ule aliingia gereji Bwana Fulgence wa Wepesi, kampuni ya magurudumu, amevaa shati jeupe lisilojua vumbi, na nyuma yake magurudumu manne yakibebwa na gari lisilo na dereva.

"Dada Mwajabu, nimekuletea mabawa," alisema.

Yalikuwa mazuri, hilo halina ubishi. Spoki zake zilikuwa nyembamba kama mifupa ya samaki, na rimu ilipinda kwa unene usiolingana, hapa nyama, hapa ngozi tu. Mwajabu alilinyanyua moja kwa vidole viwili. Moyo wake wa kihandisi ukaruka. Kilo iliyo kwenye boneti hubebwa na springi, inatulia mahali pake. Kilo iliyo kwenye gurudumu haibebwi na chochote: mota lazima iizungushe, breki lazima iisimamishe, na kila jiwe linairusha juu. Ukipunguza kidogo pale, ni kama umepunguza mara nne kwingine.

"Mkadiri, unasemaje?" aliuliza.

Mkadiri ilikuwa akili ya mashine ya Wepesi, iliyofungwa ukutani kwa hisani ya kampuni pamoja na chupa ya mchwa. Ilizungumza kwa sauti tulivu ya mwalimu wa msingi. "Hayo ndiyo magurudumu sahihi. Mchwa wameshakula bodi kwa kuyafuata hayo. Yakifungwa mengine mazito, bodi itatetemeka, na gari halitapita kona ya tatu salama."

"Basi yamekwisha," Kiango alisema, anafuta mikono. "Tufunge."

Fulgence alitabasamu, akatoka nje kupokea simu. Mwajabu hakutabasamu. Kwenye kila gurudumu alilowahi kuchora kulikuwa na kitu ambacho wahandisi wenzake walikiita unene wa kutojua: chuma cha ziada unachoweka kwa sababu hujui dereva atapita shimo gani, atabeba nini, atakuwa na hasira za nani. Gurudumu hili halikuwa nao hata kidogo.

"Mkadiri. Mmejuaje mahali hasa litakapovunjika?"

"Kwa majaribio ya barabarani."

"Barabara ipi?"

"Soni hadi Mombo. Magurudumu ya msaada yaligawiwa wasafirishaji wa mboga. Kila msimu yalibadilishwa kwa mengine yaliyopunguzwa unene, ili kupata mpaka wa kuvunjika chini ya mzigo halisi. Mpaka ulipopatikana, mgao ulisitishwa."

Mkadiri haikusema kwa ubaya. Ilitengenezwa isidanganye kuhusu uzito, maana mashine ya kukadiria ikidanganya mara moja haina kazi tena. Wala hakuna aliyewahi kuiuliza.

Mwajabu alikaa chini sakafuni, pale pale kwenye grisi. Aliikumbuka siku ya mgao. Hema, muziki, fulana za bure, utepe uliokatwa na mkubwa mmoja mwenye miwani ya jua. Kila baada ya mavuno mafundi wa Wepesi walirudi, wanacheka na watu, wanafungua magurudumu na kufunga mapya, bure, na watu wakasema hawa ndio wawekezaji sasa, hawa wanatujali. Makofi! Watu walipiga makofi huku wakipunguziwa chuma chini ya miguu, msimu kwa msimu, mpaka kampuni ipate jibu lake. Jibu lilikuwa kaka yake.

"Nieleze mpaka ulipopatikana," alisema.

"Chini ya maporomoko ya Soni. Mzigo: karoti na kabichi, na watu watano pamoja na dereva. Mwendo: wa chini kuliko ulioruhusiwa. Gia: ya kuteremkia, mota ikichaji betri. Gurudumu la mbele kulia lilivunjika kwenye spoki ya pili."

Kiango alikuwa ameusahau muhindi mkononi. "Gia ya kuteremkia," alisema. "Rudia, wewe mashine."

Mkadiri ikarudia.

Fulgence aliporudi aliwakuta hivyo, mmoja chini, mmoja amesimama, na akajua. Hakukana. Labda ingekuwa nafuu kama angekana.

"Ilikuwa kabla yangu," alisema. "Na nisikilizeni vizuri, kabla hamjapandwa na hasira. Ambulansi zote za nchi hii leo zinatembea na gurudumu hili. Zinafika mapema kwa sababu ni nyepesi. Unajua limeokoa watu wangapi?"

"Wewe unawajua wale watano majina?"

"Walipokea kwa hiari, dada. Hakuna aliyelazimishwa."

"Walipokea gurudumu! Nani alipokea kuvunjika?"

"Usipaze sauti. Mimi si adui yako." Alishusha pumzi kama mtu mwenye subira. "Kaka yako ametoa mchango mkubwa kwa sayansi. Acha kijana ashinde Jumapili, jina la baba yake litajwe kwa heshima, nasi tutaweka hata kibao pale Soni. Ukianza kelele, kesho naondoa magurudumu na Mkadiri. Gari mmeshalila. Mchwa hawatapiki walichokula."

Akaenda zake, akifunga mlango polepole, kwa adabu.

Kiango aliuweka chini ule muhindi. Akasema, "Nishinde kwanza. Tuseme baadaye."

"Baadaye ipi, baba? Ukishinda kwa gurudumu hilo, utakuwa ushahidi wao. Watasema, mtazameni, mtoto wa Hoza mwenyewe anashukuru."

"Miaka yote hii, shangazi! Sijawahi kuingia duka la mtu hapa Mombo nisisikie nyutro. Nina nafasi moja. Moja! Nani atamsikiliza Nyutro asiye na gari?"

"Mimi sikuendeshi," Mwajabu alisema. "Gari lako, baba yako. Lakini mimi mkono wangu hautafunga hata nati moja ya hilo gurudumu. Ukitaka, spana hiyo hapo."

Kiango aliichukua spana. Akalifunga gurudumu la kwanza mwenyewe, akalikaza, na mgongo wake ukawa mgumu kama ubao. La pili. La tatu. Mwajabu alitazama pembeni. Alipofika la mbele kulia, Kiango alilishika kwa muda mrefu, kidole kwenye spoki ya pili. Hakulifunga. Aliliweka kwapani kama mtu anayebeba kitabu, akatoka.

Desturi ya Mombo ni hii: kabla ya mbio, gari hupandishwa kwenye mizani mbele ya watu, na dereva husimama kando yake, hushika kipaza sauti na kutaja mwenyewe alichokitoa kwenye gari na gurudumu alilolichagua, na kwa nini. Watu hucheka, hubisha, humzomea anayetoa breki ili awe mwepesi. Ndiyo starehe yenyewe, wengine huja kwa hiyo tu. Jumamosi ile uwanja wa mpira wa Mombo ulijaa, na Wepesi walikuwa wameiunganisha Mkadiri na vipaza sauti ili isome uzito wa kila gari. Bibi yake Kiango, mama wa Hoza, alikuwa ameletewa kiti mbele.

Gari la Kiango lilisukumwa hadi kwenye mizani likiwa na magurudumu matatu na jeki.

"Nyutro!" mtu alipiga kelele. "Mguu mmoja umeuacha Soni?"

Uwanja ukaangua kicheko. Kiango alisubiri kiishe. Kisha akainua gurudumu juu ya kichwa.

"Naitwa Kiango, mtoto wa Hoza. Nimetoa kiti, vioo na kapeti. Gurudumu nililochaguliwa ni hili. Na kwa nini ni jepesi hivi, sitasema mimi. Atasema aliyelipima. Mkadiri, uwanja wote unakusikia. Sema mpaka ulipatikana wapi."

Na ile sauti ya mwalimu wa msingi ikatoka kwenye vipaza sauti vyote. Mgao wa msaada. Kupunguza unene kila msimu. Maporomoko ya Soni. Karoti na kabichi. Gia ya kuteremkia, mota ikichaji...

Ikakatika hapo. Fulgence alikuwa amesimama karibu na mizani, kidhibiti mkononi, jasho limechora shati lake jeupe. Lakini alichelewa.

Bibi aliinuka. Hakuna aliyemsaidia, hakuna aliyethubutu. Alikwenda mpaka kwa mjukuu wake, akalichukua gurudumu, akalipima mkononi mwake mkavu kama mtu anayepima kuku sokoni.

"Ndilo hili?"

"Ndiyo, bibi."

Akamgeukia Fulgence. "Mwanangu, wewe ndiye mwenye hili?"

"Bibi, makao makuu watatoa taarifa rasmi..."

"Taarifa mlishatoa, kwa mikono ya wakaguzi wenu. Mlisema mwanangu ameua." Hakupaza sauti. "Mimi baada ya mazishi nilizunguka. Kwa Kihiyo, kwa Mbelwa, kwa Shemdoe, kwa mama Zaina. Kwa miguu, na mfuko wa unga kichwani. Kila mlango nikapiga magoti, nikasema nisameheni, mimi ndiye niliyemzaa. Kwa mama Zaina walinimwagia maji ya vyombo, na mimi nikasema asanteni, maana niliona ni haki yangu. Ni haki yangu!"

Kwenye umati mwanamke mmoja alijifunika uso kwa khanga.

"Bibi, mimi binafsi nasikitika..."

"Usisikitike hapa. Hapa ni uwanja wa mpira." Alimrudishia Fulgence gurudumu, akamwekea mikononi, akahakikisha amelishika. "Libebe. Tunaanzia kwa Kihiyo, ndiko karibu. Wewe utasema, mimi nitakaa kando nisikie. Na ukimaliza nyumba nne, ya tano ni kwangu."

Fulgence alitazama kushoto na kulia akitafuta gari lake. Watu hawakumgusa, wala hawakumtukana. Waliacha njia moja tu wazi, ile inayopanda mlimani, na Mwajabu alikuwa ameshaanza kuipanda mbele yao, mikono yake ikiwa bado na grisi. Nyuma, msimamizi wa mbio alitangaza gari linalofuata lipande kwenye mizani. Akatangaza tena. Madereva walikuwa wanashuka kwenye magari yao, mmoja mmoja, wanafunga milango, na kufuata.