Kayaki Tupu Mtoni

Mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi ya Jumamosi Lorna Stahl alikuwa jikoni akikaanga mayai. Mumewe, Wendell, alikuwa amejilaza kwenye kochi, anaugulia mgongo. Mtoto wao, Garrett, alikuwa mezani, uma tayari mkononi. Garrett alikuwa na nyumba yake upande wa pili wa mji, lakini Jumamosi hakukosa kuja kula kwa mama yake.

"Baba, ile kayaki uliyonunua umeshaisajili?" Garrett aliuliza.

"We nawe! Ina mota? Ina usukani? Lile ni beseni tu lenye kasia."

"Hilo beseni hapa jimboni Ohio linahesabiwa ni boti, mzee."

"Basi na bafu langu nikalisajili, maana nalo huwa najaza maji nakaa ndani."

Lorna alicheka. Kayaki yenyewe, kimtumbwi chembamba cha mtu mmoja, Wendell aliinunua kwa mtu aliyekuwa anauza vitu vya zamani uani kwake. Ilikuwa ya kijani, na kiti chake kilikuwa kimechanika. Lorna alikishonea kitambaa cha pazia la zamani la jikoni, lenye maua ya alizeti.

"Iko wapi niione?" Garrett aliuliza.

"Kule chini mtoni. Jana nilipotoka kuvua mgongo ulinikamata, nikaiacha kwenye nyasi. Nitaifuata nikipata nafuu."

Kabla Garrett hajajibu, redio ndogo kiunoni mwake ililia. Alikuwa mtu wa zimamoto na uokoaji wa kujitolea, kama vijana wengi wa mji wao, Pikes Bend. Sauti ilisema kwamba kayaki imeonekana imepinduka chini ya daraja. Hakuna mtu ndani. Mto umejaa. Waokoaji wote waje.

Garrett aliacha mayai yakifuka moshi na kutoka mbio.

"Mwanangu, uwe mwangalifu na ule ukuta!" Lorna alipiga kelele, lakini gari lilikuwa limeshaondoka.

Chini ya daraja kulikuwa na ukuta mfupi uliokatiza mto. Kwa mbali ulionekana kama ngazi moja tu ya maji. Lakini maji yakishaanguka pale yalijizungusha na kurudi nyuma, na kilichoingia hakikutoka. Watu wa Pikes Bend hawakuogopa kitu mtoni kama walivyoogopa ukuta ule. Lorna alizima jiko. Kayaki za watu mtoni zilikuwa nyingi, na ya Wendell haikumjia akilini. Hamu ya kula ilikuwa imemwisha kabisa.

Simu ikalia. Alikuwa Opal, mwenzake wa kanisani.

"Umesikia, shoga? Kuna mtu amezama. Sisi tunachemsha kahawa. Wewe lete mikate."

Ndivyo walivyozoea. Wanaume na vijana wakiingia mtoni kutafuta, akina mama huwapelekea chakula ukingoni. Lorna alipaka mikate siagi, akatia vipande vya nyama. Alimwonea huruma mama wa huyo aliyezama, ambaye pengine bado hajui. Kisha alimfikiria Garrett juu ya maji yale, akabeba kapu na kutoka.

Ukingoni magari yalikuwa yamejaa. Taa nyekundu zilikuwa zinazunguka. Opal alimpokea kapu.

"Hawajui ni nani," Opal alinong'ona. "Wanauliza nyumba hadi nyumba. Kila mtu anahesabu watoto wake."

"Na Garrett yuko wapi?"

"Yumo kwenye boti ya mbele. Wanatafuta karibu na ukuta."

Lorna alimsogelea mwanamke aliyevaa sare, aliyeshika redio. Alikuwa afisa Tackett, anayesimamia sheria za boti kwa niaba ya jimbo.

"Hebu nikuulize, dada. Lazima wakaribie ukuta namna ile?"

"Lazima, mama. Nikijua kuna mtu majini, siwezi kuwarudisha," afisa alisema. Uso wake ulikuwa umechoka. "Kayaki haina namba, haina stika, haina jina. Ingekuwa na namba ningempigia simu mwenye nayo, nimuulize kama ni mzima. Kibaya zaidi, jaketi la kuokoa maisha limefungwa nyuma ya kiti. Aliyekuwa ndani hakulivaa."

Alionyesha kwa kidole. Kayaki ilikuwa imelazwa kwenye matope. Ilikuwa ya kijani. Kwenye kiti chake kulikuwa na maua ya alizeti.

Lorna aliyatazama maua yale. Aliujua kila mshono. Aibu ilimpanda hadi masikioni. Mji mzima ulikuwa pale, na Opal alikuwa nyuma yake. Lakini mtoto wake alikuwa ukutani anamtafuta mtu ambaye hayupo.

"Warudishe!" alipiga kelele. "Hakuna aliyezama! Ni yetu hiyo. Mume wangu yuko nyumbani, amelala kwenye kochi!"

"Una hakika, mama?"

"Kiti nimekishona mwenyewe. Aliiacha kwenye nyasi, hakuifunga. Mto umeichukua. Warudishe, nakuomba!"

Afisa aliinua redio. "Boti zote, rudini. Hakuna mtu majini."

Boti ya pili ilijibu. Boti ya Garrett haikujibu.

Afisa aliita tena. Lorna alimshika Opal mkono, akaubana mpaka Opal akaguna. Hakuwa na neno moja la kusali. Aliliita jina la mtoto wake tu, kimoyomoyo, tena na tena.

Ndipo redio ilipokwaruza. "Mota ilitukatikia. Tumeshika tawi. Imewaka sasa. Tunarudi."

Lorna alikaa chini palepale kwenye matope na kulia.

Wendell alifika akichechemea, baada ya kupigiwa simu. Garrett alishuka kwenye boti, amelowa, midomo imekuwa ya bluu. Alimtazama baba yake.

"Beseni," alisema, akampita.

Wendell alivua kofia, akasimama mbele ya afisa.

"Nilidhani bila mota hainihusu," alisema kwa sauti ndogo.

"Wengi hudhani hivyo, mzee. Sheria hii inahusu na kayaki pia," afisa alisema. "Nenda kwa wakala wa usajili wa boti. Chukua hati ya mauzo kwa aliyekuuzia, uonyeshe kwamba ni mali yako. Usajili unadumu miaka mitatu. Halafu andika jina na simu yako ndani, kwa wino usiofutika. Ukimaliza kuvua, ipandishe juu na uifunge. Na ukikuta imepotea, tupigie simu saa hiyohiyo, ili tusitafute hewa."

"Na jaketi? Mimi huwa nalikalia, mgongo unapata nafuu."

"Lazima kila mtu awe na lake, linalomtosha. Mtoto ambaye hajafika miaka kumi, sheria inataka alivae wakati wote. Wewe mtu mzima nakushauri tu. Lakini ukishaanguka majini, hutapata nafasi ya kulifungua kwenye kiti."

Jumatatu, kabla hata ya kunywa kahawa, Wendell alikwenda kwa wakala. Alirudi na namba na stika, akazibandika kama alivyoelekezwa. Lorna aliandika jina na simu ndani, karibu na maua yake. Wendell alichimbia nguzo ukingoni na kuifunga kayaki kwa mnyororo. Tangu hapo alivua samaki akiwa amevaa jaketi, na alinunua mto wa kukalia. Garrett alimnunia kwa wiki kadhaa, kisha akaanza kumtania, na Wendell akajua amesamehewa.

Msimu wa mvua uliofuata, mto ulijaa kuliko mwanzo. Asubuhi ya Jumamosi moja Lorna alikuwa anakaanga mayai, Garrett yuko mezani. Simu ikalia. Lorna alishtuka, mwiko ukamponyoka. Wendell akaipokea.

"Wendell Stahl?" ilikuwa sauti ya afisa Tackett. "Kayaki yako tumeikuta chini ya daraja. Imekuja na nguzo yake. Wewe ni mzima?"

"Mzima, dada. Niko nyumbani. Sote tuko nyumbani, tunataka kula."

"Hilo tu nilitaka kusikia. Kaleni."

Lorna aliitazama redio kiunoni mwa mtoto wake. Alingoja ilie kuwaita waokoaji. Ilikaa kimya. Garrett alivuta sahani karibu, akaongeza chumvi, na kula mayai yake yote.