Ng'ombe Waliokataa Josho

Kila Alhamisi Perez aliamka kabla ya wengine, akafungua zizi na kuwapeleka ng'ombe kwenye josho, wakaoshwe kwa dawa ya kupe, kabla kengele ya shule haijalia. Kazi hiyo ilikuwa ya kaka yake, Oduor, lakini mwanzoni mwa mwaka ule wa 1972 Oduor alikwenda kusoma Maseno, akakaa bwenini. Baba alifanya kazi bandarini Kisumu. Mama alishinda katika mashamba ya mpunga ya Ahero, matope hadi magotini. Basi fimbo ikabaki mikononi mwa Perez, msichana wa darasa la sita.

Mwanzoni haikuwa kazi ngumu. Ng'ombe mmoja mzee, mweusi, alijua njia. Alitangulia, akaruka ndani ya shimo la dawa, akaogelea na kutokea upande wa pili, na wenzake wakamfuata bila kuambiwa. Lakini mvua kubwa ziliponyesha, mafuriko yalimchukua ng'ombe huyo. Alhamisi iliyofuata, aliyejikuta mbele alikuwa Silwal, mtamba mwekundu ambaye hakuwa amezaa bado.

Silwal alifika ukingoni, akanusa dawa, akagoma.

"Ruka!" Perez alimwambia. "Ruka, nitachelewa!"

Akamchapa mgongoni, kisha miguuni. Silwal alilia kwa uchungu, akageuka ndani ya njia nyembamba ya uzio wa miti inayoelekea shimoni na kuwakanyaga wenzake. Wote wakatoka nje mbio, foleni nzima ikavurugika.

"Wewe msichana, ondoa wanyama wako hapa!" alifoka Bwana Dalmas, mhudumu wa josho. "Watu wana kazi!"

Wiki iliyofuata mambo yalikuwa mabaya zaidi. Hata wale waliokuwa wakiruka vizuri tangu zamani walikataa kupita langoni. Perez alichapa hadi fimbo ikavunjika. Watu wakacheka. Mzee mmoja akasema kwamba mifugo si kazi ya wasichana. Perez alifika shuleni amechelewa, sketi imejaa matope, na mwalimu akamsimamisha mbele ya darasa. Alisimama pale akiuma midomo asilie.

Jioni Mama alimwita zizini. Alikuwa ameshika sikio la ndama, na ndani yake kupe walikuwa wamejazana kama mbegu.

"Hawa wanatoka kwa wale wakubwa wasioogeshwa," Mama alisema. "Kwa jirani ndigana, homa ya kupe, imeua ng'ombe wawili. Unangoja iingie hapa?"

"Mama, mimi nimechoka! Hawa ng'ombe ni wajinga. Mwambie Oduor arudi."

"Oduor harudi, nyara, binti yangu. Fikiri."

Perez aliondoka kwa hasira. Afikiri nini, wakati amejaribu kila kitu?

Jumamosi aliwapeleka ng'ombe kunywa maji kwenye mfereji. Kama kawaida walisimama mbali, wakiogopa ukingo unaoteleza. Mara akafika Mama Wakoli, mama wa kutoka Bungoma aliyelima mpunga jirani yao, pamoja na ng'ombe wake. Mmoja wao, mwenye pembe iliyopinda, aliteremka taratibu hadi maji yakamfika kifuani. Silwal alimtazama. Akasogea. Akatazama tena, kisha akateremka pale pale mwenzake alipopita.

"Kumbe unaweza!" Perez alipiga kelele. "Kumbe ulikuwa unanidharau tu!"

Mama Wakoli akacheka. "Mwanangu, unamgombeza kwa sababu ameingia majini?"

Perez hakucheka. Alikuwa akimwangalia yule mwenye pembe iliyopinda, na wengine wote waliokuwa sasa wakiteremka nyuma yake.

"Mama," alisema polepole, "naomba Alhamisi wangu wapite katikati ya wako."

Mama Wakoli akaacha kucheka. "Na wangu wakijifunza ukaidi wa wako, je? Nimehangaika sana kuwatuliza."

"Nitakuwa nyuma yao. Sitawapiga."

"Basi fimbo iache nyumbani. Nikikuona nayo, narudi na ng'ombe wangu."

Alhamisi ng'ombe wakapangwa wakiwa wamechanganyika. Mwenye pembe iliyopinda aliruka wa kwanza, akaogelea. Silwal akafika ukingoni, akasimama tena kama siku zile. Perez alihisi mikono ikimwasha.

"Mchape!" Bwana Dalmas alisema. "Utatuweka hapa mpaka saa ngapi?"

"Hapana," Perez akajibu, akaushika mti wa uzio kwa mikono miwili ili isifanye lolote.

Upande wa pili, yule aliyetangulia alipanda ngazi, akajikung'uta, akaanza kucheua. Silwal alinyoosha shingo kumtazama. Kisha akaruka, dawa ikamrukia Bwana Dalmas hadi kwenye kofia. Wengine wakafuata. Dume mmoja tu ndiye aliyekataa kabisa, ikabidi aoshwe kwa bomba la mkono, pamoja na ndama.

Watu walimpongeza Perez, lakini yeye alikuwa bado amekunja uso.

"Kwa nini hufurahi?" Mama Wakoli alimwuliza.

"Nimewapiga bure siku zote zile. Hawakujifunza kitu."

"Walijifunza, tena vizuri sana. Ulimpiga Silwal pale ukingoni, wenzake wakiona. Wakajua kwamba pale ni mahali pa maumivu, wakakataa hata kukaribia. Leo wamemwona mmoja akiingia na kutoka salama, wakajua jingine. Ng'ombe humtazama aliye mbele yake. Akitulia, naye hutulia. Akiogopa, naye huogopa."

"Na yule dume?"

"Yule ameona mabaya mengi kuliko mazuri. Mvumilie, mwoneshe mazuri tena na tena. Na wewe mwenyewe, Perez, ukiwa mkubwa utawaongoza watu. Siku hiyo usiseme ni wajinga kabla hujajiuliza wamekuona ukifanya nini."