Ukurasa wa Babu Makilenga

Jumatatu ile Anyesi alikunywa chai yake, akapanda basi la kutoka Mkuu hadi Moshi mjini kama mtu anayekwenda kununua sabuni. Alichokifuata ni jarida.

Ng'ombe wa ukoo walikuwa wanakufa. Basi wazee, wakitoka komunyo Jumapili, wakaenda migombani kufunua chungu kilichohifadhi fuvu la mhenga wao, Babu Makilenga, wamwombe radhi. Chungu kitupu. Aliyelaumiwa ni Eunike, mke wa kaka yake Anyesi, kwa kuwa hakuwa Mchagga. Wazazi wake walikata miwa kambini kule chini. Mwizi wa fuvu ni mchawi, wakasema. Alete jani la isale aombe msamaha, au jioni ya kesho aondoke awaache watoto.

"Usiwapelekee, wifi," Anyesi alimnong'oneza, akamnyang'anya jani na kulitia mkobani. "Ukitoa isale umeshakiri."

Chuo kikuu alisoma kwamba Wajerumani walibeba mafuvu ya huku. Na Mjerumani habebi kitu bila kukiandikia makala.

Maktabani akavuta droo za kadi. Kilimanjaro. Mila. Mafuvu. Kadi ikamwelekeza kwenye majarida yaliyojalidiwa, rafu ya juu kabisa.

"Hayo dada yanasomwa na mende tu," alisema Theodory, mkutubi.

Akafunua mwaka baada ya mwaka. Hatimaye, fuvu juu ya kitambaa cheusi, namba kwenye paji lake, na chini ya picha, katikati ya Kijerumani, maneno mawili aliyoyajua: Makilenga, Mkuu.

Akacheka peke yake. Theodory akamwazima jarida hadi kesho. Anyesi akatafuta cha kuwekea alama, akalaza lile isale juu ya picha. Hakufikiri alikuwa anampa nani.

Alasiri ukoo ulikuwa umeketi uani, Eunike katikati yao.

"Shikamoo, baba mkubwa. Mwizi wenu huyu hapa."

Akafunua. Isale lilikuwa limekauka kama la mwaka juzi. Kitambaa cheusi kipo. Maneno yapo.

Fuvu halipo.

Baba mkubwa Filemon aliinamia ukurasa kwa muda. "Ndicho ulichosomea hicho, mwanangu? Kitambaa?"

Wakacheka. Kicheko hakijaisha, shangazi Bernadetha akatokea migombani, mikono kichwani.

"Limo."

Wakaenda. Hakuna jani lililotikisika. Chungu wazi. Fuvu ndani, limewatazama.

"Amelirudisha," Filemon akanong'ona. "Ameogopa."

"Baba mkubwa, amekaa nanyi uani tangu asubuhi," alisema Anyesi.

"Mchawi hahitaji miguu."

Kaka yake Anyesi, Wenseslaus, mume mwenyewe, aliangalia viatu vyake. Eunike akaondoka na basi la mwisho, mikono mitupu, maziwa yamelowesha gauni lake kifuani.

Anyesi akabaki migombani peke yake. Akainama. Kwenye paji la fuvu palikuwa na namba ile ile ya pichani, imeandikwa kwa mkono, mwandiko wa kizamani wenye mikia. Akaigusa.

Wino ulikuwa mbichi.